Nguvu Isiyofika Uzito wa Mbu

Mtanda, Lindi
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Somoe mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda Kilangala kwa mjomba wako, nyumba ya mwisho ya kuaga. Nimewaona mnapanda bodaboda, yeye akishikilia mtandio usipeperuke, wewe umepakata sukari ya kumpelekea mzee. Mpaka mrudi itakuwa magharibi, na alfajiri basi linaondoka. Kwa hiyo nina muda mfupi wa kuwasema ndugu zako wote bila wao kuwepo, nami sitaki kuupoteza kwa salamu. Salamu utazikuta kwa mama yako, anazo za kutosha kwa ukoo mzima.

Mambo ya nguo za baridi, paspoti na chakula cha halali amekwisha kukueleza yeye, na atayarudia kesho dirishani mwa basi. Mimi sina la kuongeza huko. Naandika kwa ajili ya maneno uliyoyasema jana jioni wakati unakunja nguo. "Labda mwakani, baba." Ukaendelea kukunja, kama mtu aliyesema chumvi imekwisha.

Mwakani! Chuo cha Japani kimekuandikia wazi kwamba nafasi yako haitasubiri mwakani. Unalijua hilo kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyenisomea barua yao tena juzi, kwa kuwa siku hizi wewe ndiye macho yangu. Siku barua hiyo ilipofika ulipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mtu yule yule, miezi michache tu baadaye, anasema "labda". Nimekaa na hilo neno tangu jana, nikaona afadhali nilifuatilie lilikotoka, kama nyinyi mtakavyofundishwa kufuatilia.

Unakwenda kusoma njia za vyombo vinavyolizunguka jua. Nimefundisha fizikia ya sekondari maisha yangu yote ya kazi, na mpaka leo wazee wenzangu kijiweni wanaamini chombo cha anga kinaendeshwa kama bodaboda: mtu amekalia, moshi unatoka nyuma, ukizima kinaanguka. Nimewaeleza mpaka nimechoka. Mmoja wao, mtu aliyekwenda hija na ana nyumba mbili za kupangisha, aliniuliza nani anakitilia mafuta kikifika upande wa pili wa jua. Nikanywa kahawa yangu. Heshima kwa wakubwa ni mzigo, lakini ndiyo tuliyolelewa nayo.

Wewe unajua kwamba kikishatupwa njiani kinakwenda chenyewe. Jua linakivuta, nacho kina mwendo wake, basi kinazunguka. Vitabu vyetu vinachora duara moja safi, na wanafunzi wangu wakalinakili kwa kuzungushia kalamu kifuniko cha chupa, wakapata alama, wakaenda kuwa mabwana wakubwa. Uongo mtupu. Hakuna chombo kilichowahi kubaki juu ya mchoro wa kifuniko.

Mwanga wenyewe wa jua unasukuma. Chukua lile jamvi letu la wageni, litandaze huko angani likielekea jua. Mwanga utalisukuma kwa nguvu isiyofika uzito wa mbu mmoja, tena mbu mwenye njaa. Nilipolisema hili darasani walicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. "Mwalimu, mbu!" Nikawaambia chekeni tu. Mbu huyo halali, hachoki, haendi msibani. Na huko hakuna usiku wa kumpumzisha. Mwaka ukiisha, chombo hakipo kilipotarajiwa. Kimesogea safari ya Lindi na Dar kwenda na kurudi mara nyingi, na hakuna aliyekigusa.

Tena mbu hayuko peke yake. Upande wa chombo uliopata moto unatoa joto, na joto likitoka huku linasukuma kule. Vali inavuja gesi kidogo kama pumzi ya mtoto mchanga. Sayari inapita mbali, inavuta kidogo, inakwenda zake. Kila mmoja ukimshika shati atakuapia: mimi? Mimi nimefanya nini?

Sasa turudi kwa ndugu zako.

Kwetu anayesafiri haondoki kabla ya kuaga nyumba kwa nyumba. Ukiruka moja, hata ya mtu mliyenuniana naye tangu mazishi ya bibi, utasemwa mpaka wajukuu zako wataona haya. Nilikupeleka mwenyewe, nimevaa kanzu, kama mjinga anayepeleka korosho zake kwa mlanguzi na kumshikia mzani. Tulianza kwa dada yangu, shangazi yako Hadija, hapa hapa Mtanda. Ukamwamkia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Haya, ndiyo unatuacha?"

"Naenda kusoma, shangazi."

"Soma, mama, soma. Elimu haina mwisho. Mimi sikukatazi. Nasema tu, mtoto wa kike ua lake halingoji. Wenzio wote hapa mtaani wameshapata majumba yao. Lakini mimi sikukatazi."

Hilo "sikukatazi" nalidharau kuliko tusi. Tusi lina ujasiri wake, unaweza kulijibu. Kisha akakupa kanga mpya, akakushika kichwa, akalia. Na machozi yalikuwa ya kweli, hapo ndipo ninapomchukia na kumpenda kwa pamoja. Kwenda kwake ulikuwa unanieleza njia nzima jinsi chombo kinavyoweza kugeuza mabawa yake ili mwanga ukisukume kinakotaka kwenda. Kurudi ulizungumzia kanga.

Kisha Kilwa Masoko, kwa kaka yangu Selemani, baba yako mkubwa. Unamjua. Amekaa ofisini miaka yote akigonga mihuri kwenye karatasi za watu wengine, na alipostaafu aliwaachia pengo ambalo feni la dari lililiziba. Huyo ndiye aliyekupa nasaha ya maisha.

"Japani yote hiyo ya nini? Si kuna vyuo hapa hapa? Soma uhasibu. Mtu wa uhasibu anakaa kivulini."

Ulicheka kwa adabu. Nikajua umesikia. Tulipofika Nangurukuru kubadili gari ukaniuliza, macho yako yakiwa kwenye karanga za muuzaji, "Baba, hivi Dar hawafundishi haya mambo?" Nikakujibu kwamba wanafundisha kukaa kivulini. Halikuwa jibu la mzazi. Lakini nilishaona kwamba umesogea.

Nilisogea mimi mwenyewe kwa maneno ya Selemani huyo huyo, nikiwa na umri kama wako. Nilichaguliwa kwenda chuo kikuu. Ilikuwa msimu wa kupuliza salfa. Wewe umekulia mjini, salfa unaijua kwa harufu tu: ule unga wa njano tunaopuliza mikorosho alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ukungu usije ukaua maua. Kaka akasema, "Malizia mkupuo mmoja tu, halafu uende." Mmoja si kitu, nikapuliza. Lakini mkupuo wa kwanza bila wa pili ni salfa ya kutupa, basi nikapuliza na wa pili. Maua yakakubali, mabibo yakaiva. Sasa utaacha korosho ziokotwe na nani, na wewe ndiye uliyezilea? Baada ya kuokota kuna kuanika, baada ya kuanika kuna kuuza, baada ya kuuza mtu hawezi kuondoka kabla ya arusi ya mdogo wake, kwa kuwa fedha ndiyo imepatikana. Na baada ya arusi magugu yamekwisha kuota chini ya mikorosho.

Hakuna aliyenikataza, Somoe. Ningekatazwa ningekwenda, hata kwa kudandia lori la chumvi, maana kiburi changu unakijua. Lakini nani anagomea salfa? Nilikuja kusoma ualimu karibu na nyumbani, nikafundisha duara la kifuniko, na watu wakaniita Mwalimu Nyota. Nikalipenda jina hilo. Nilitembea nalo sokoni kama nimevaa koti.

Na hapa kuna jambo litakalokukera kama lilivyonikera mimi nilipolielewa, tena nimelielewa nimeshaota mvi. Chombo kikisukumwa kutoka nyuma, kuelekea kule kule kinakokwenda, wewe utadhani kitawahi. Hakiwahi. Kinapanda, kinakwenda mbali zaidi na jua, njia yake inakuwa ndefu na mwendo wake unapungua, na mwisho wa mzunguko kinachelewa. Kile kinachorudishwa nyuma kidogo ndicho kinachoangukia ndani, kikashika kasi, kikatangulia. Sikulitunga. Utalikuta kwenye hesabu za mwanzo kabisa.

Kwa hiyo jihadhari na hawa majirani wanaokuita profesa kila ukienda dukani. Profesa wa nini? Begi lenyewe hujalifunga. Muuza duka yule hajui unakwenda kusoma nini, alimwambia mama yako kwamba unakwenda kutengeneza simu. Sifa zake ni mkono mgongoni. Ukizikubali utapanda, na ukipanda utapunguza mwendo, kama Mwalimu Nyota.

Sisemi kila kitu kitakupoteza. Kinachokusukuma huku leo na kule kesho hakina neno, utayumba na utarudi. Baridi ya huko, chakula kisicho na chumvi, mwalimu asiyeelewa matamshi yako, hata kijana atakayekuchanganya akili muhula mmoja, yote hayo ni kuyumba tu. Kinachohamisha njia ni kile kinachosukuma upande mmoja, kila siku, kwa upole. Watu wetu wanajua kabisa. Wanasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaziimba vizuri sana, na kuta zote za mtaa huu zina nyufa za kupitisha paka.

Wanaofuatilia vyombo hawauoni msukumo wenyewe. Nani ataona mwanga ukisukuma? Wanachofanya ni kusikiliza redio ya chombo, wiki baada ya wiki, wakilinganisha pale kinapopaswa kuwa na pale kilipo. Ile tofauti ndiyo inayowaambia. Wakiiona mapema, pumzi ndogo ya gesi inatosha kukirudisha njiani. Wakingoja, mafuta yote ya chombo hayatatosha. Basi na mimi nimekufuatilia hivyo wiki hii. Kutoka kwa Hadija ulikuwa umesogea hatua. Kutoka Kilwa hatua nyingine. Juzi nikaona kitabu chako kikubwa cha hesabu kimetoka begini na kurudi rafuni, ukasema ni kizito. Jana ukasema labda mwakani.

Na sasa hivi, wakati naandika, mjomba wako anakumalizia. Kwetu Wamwera mjomba ana neno kwa watoto wa dada yake kuliko baba aliyewazaa, naye hajawahi kutusahaulisha hilo. Atakuombea dua ndefu, atakutemea baraka, atasema nenda mwanangu. Nakuhakikishia baada ya hapo litafuata neno "ila".

Hapa ndipo nilipopanga kuimaliza barua. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kufungia wakati mama yako alipopita na ungo wa mchele, akasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini muda wote huo, Mwalimu?"

"Namwandikia mtoto habari za ndugu zake. Namwonyesha wanavyomsukuma."

"Na wewe umejiandika?"

Nikamwuliza ana maana gani. Aliitazama karatasi, akanitazama usoni, akasema, "Kumbe bila miwani!" Akaenda jikoni na ungo wake. Sasa hivi namsikia anachambua mchele na kuguna peke yake.

Nimemchukia mama yako kwa kitambo, kisha nimechoka kumchukia.

Kuna vyombo viwili vilivyotumwa mbali kabisa, kupita sayari za nje, visirudi tena. Wataalamu wakagundua kwamba vinapunguza mwendo kidogo mno kuliko hesabu zinavyotaka. Walihangaika kwa miaka mingi. Walishuku gesi, walishuku vumbi, wengine wakafika hata kuishuku sheria yenyewe ya uvutano, jambo ambalo kwa mwanafizikia ni kama kuvunja nyumba kwa sababu umepoteza funguo. Kumbe lilikuwa joto la chombo chenyewe. Kile kilichokipa uhai, moto wake wa ndani, ulikuwa unatoka zaidi upande mmoja, na ulikuwa ukikirudisha nyuma taratibu, kuelekea kwao.

Nilikusimulia habari hiyo ulipokuwa mdogo na nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawacheka wale wataalamu.

Mwanzoni mwa barua hii nimeandika "Labda mwakani" kana kwamba lilidondoka toka darini. Nimeruka kilichotangulia. Kilichotangulia ni mimi kuingia chumbani kwako na chupa ya vidonge vyangu vya presha, nikakunja uso, nikakwambia, "Hebu nisomee hapa, mama, sioni vizuri." Ukaacha kukunja nguo, ukasoma: kimoja, mara moja kwa siku, baada ya kula. Umenisomea chupa hiyo hiyo jioni baada ya jioni tangu barua ya Japani ilipofika. Mama yako yupo hapo hapo ukumbini, anasoma kuliko sisi sote. Ukaniuliza, "Sasa nikienda nani atakusomea, baba?"

Nami nikasema, "Nitabahatisha."

Nitabahatisha! Mzee mzima, mwalimu, mtu wa kuwacheka mahaji kijiweni. Ukanitazama, ukarudi kwenye nguo zako, ukasema labda mwakani, baba. Nikatoka pale nikiwa na huzuni usoni na furaha tumboni, nikalala usingizi mzuri kuliko wa wiki nzima. Hadija angalau alilia mbele yako. Selemani alisema upumbavu wake kwa sauti, ungeweza kumjibu. Mimi nilikuja na chupa.

Macho yangu ni mazima. Yalianza kuharibika siku ile ulipopiga kelele na kuku wakaruka ukuta, na hakuna daktari atakayekuta ugonjwa ndani yake. Asubuhi, ukiwa sokoni, nalisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Sikupanga, ukitaka kujua. Siku ya kwanza niliomba kwa uvivu tu, miwani, ninayoivaa kwa mazoea tu, ilikuwa mbali. Ulikuja ukakaa karibu yangu, bega lako likagusa langu, ukasoma polepole kama unamsomea mtoto. Kesho yake nikaomba tena. Nilijiambia ni jambo dogo. Ndivyo nilivyojiambia, mimi ninayefundisha habari za mbu.

Nakupenda, na joto hilo ndilo linalokusukuma. Siwezi kulizima. Ninachoweza ni kukwambia linatokea upande gani, wewe uliweke kwenye hesabu zako.

Kwa hiyo tazama mwandiko huu. Tazama herufi zilivyo ndogo na mistari ilivyonyooka, kama nilivyozoea kubana karatasi. Jua limeshashuka nyuma ya nyumba ya jirani, taa sijawasha, miwani iko juu ya redio na haijaguswa. Huu si mwandiko wa mtu anayebahatisha. Nitaiweka barua juu ya begi lako, uikute ukirudi kwa mjomba, na kile kitabu cha hesabu nakirudisha ndani mwenyewe. Ni kizito kweli. Kibebe.

Kesho stendi nitakuwepo, na mimi najijua, barua moja haimponyi mtu. Basi likianza kuondoka huenda ukaniona nimesimama pale nakunja uso, napepesa macho, nalitafuta dirisha lako kama kipofu. Usishuke. Nitakuwa nakuona.

Baba yako